Jibu la Mara ya Tatu

Halvard, Minnesota
Jumatano, 23 Machi 2005

Kaka yangu mpendwa Lowell,

Pokea salamu zangu za dhati, wewe na shemeji Pilar pamoja na watoto. Natumaini barua hii itawakuta nyote wazima, na kwamba bega lako linazidi kupona na daktari amekuruhusu kuendesha gari. Huku kwetu theluji imekwisha kuwa nyeusi kando ya barabara. Ziwa bado lina barafu, ila wavuvi wameshaondoa vibanda vyao vya kuvulia juu yake. Mimi ni mzima wa mwili. Binti yangu Signe yuko chuoni na hunipigia simu kila Jumapili, akikumbuka. Baba yu hai, na wakati huu ninapoandika yuko hapa hapa kwangu, ameketi sebuleni na blanketi magotini, anatazama televisheni iliyopunguzwa sauti. Nimelitanguliza hilo ili usiisome barua hii ukiwa na wasiwasi wa aina mbaya kuliko unaostahili, maana habari nilizonazo ni za Baba, na si nyepesi.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Sababu ni kwamba wewe na mimi tukishika simu huanza na theluji, tukaingia kwenye bei ya maziwa, tukarudi kwenye theluji, kisha mmoja akasema haya basi, na mwenzake akasema haya basi. Nimejaribu mara kadhaa wiki hizi. Jumapili iliyopita nilikupigia nikiwa nimedhamiria kabisa kukueleza, na nadhani unakumbuka tulizungumzia nini: mabomba yako ya maji. Kwa karatasi naona nitafika.

Nianze na kazi yangu, kwa kuwa yote yamepitia humo, na sina hakika kama niliwahi kukueleza vizuri ninachokifanya. Kila baada ya miaka miwili ofisi yetu hupima ubora wa maisha katika Kaunti ya Lindahl. Tuna viashiria vingi: watoto wangapi wamezaliwa na uzito mdogo, visima vingapi vimeingia mbolea, wangapi wamepiga kura, wangapi wamehama. Sehemu kubwa ya hivyo tunaipata tukiwa mezani, katika takwimu za watu wengine. Lakini viko viashiria ambavyo huwezi kuvijua isipokuwa umemuuliza mtu mwenyewe: anayaonaje maisha yake, anao watu wa kuwaendea akizidiwa, anajisikia mpweke. Hivyo tunavitafuta kwa simu wakati wa baridi, wakulima wanapokuwa nyumbani. Kompyuta huchagua namba kwa bahati nasibu, wahoji wetu hupiga, na mazungumzo hurekodiwa ili mimi nisikilize baadhi na kuhakikisha kwamba maswali yamesomwa ipasavyo.

Jina la mtu haliulizwi. Zipo kanuni, na mbili kati ya hizo zina uzito kuliko nyingine. Ya kwanza ni kwamba swali husomwa mara moja tu, kama lilivyoandikwa, na jibu la kwanza ndilo linaloandikwa. Ya pili ni kwamba yeyote atakayeitambua sauti anayoisikiliza aizime papo hapo, ampe mwenzake aisikilize, na asiseme wala kutenda lolote kwa sababu ya alichokisikia. Hiyo ya kwanza tulipewa na Dokta Pruitt wa chuo kikuu, anayetushauri. Ya pili niliitunga mimi. Kaunti nzima ingeenea katika uwanja mmoja wa mpira. Niliona kwamba bila ahadi hiyo hakuna ambaye angetujibu ukweli.

Mwaka huu tuliajiri wahoji sita, na mmoja wao ni Bi Arlys Pfeiffer, mjane wa mchungaji aliyekufundisha kipaimara. Unamkumbuka: ni yule aliyekuwa akicheka kanisani kabla mumewe hajafika mwisho wa kichekesho. Ana sauti nzuri ya simu na hachoki. Mwanzoni nilijipongeza kwa kumpata.

Ilipofika katikati ya Februari nikaanza kuona jambo lisilo la kawaida. Waliopigiwa na wahoji watano walikuwa na raha, kama watu wa kaunti hii wanavyokuwa na raha siku zote katika ripoti zetu. Waliopigiwa na Bi Arlys walikuwa watu wa nchi nyingine. Hawalali vizuri, hawana wa kumwambia, wanaogopa uzee, wanajuta kuuza mashamba. Sasa, namba hugawiwa kwa bahati nasibu. Haiwezekani huzuni yote ya kaunti iwe imemwangukia mhoji mmoja. Tulichofundishwa sisi ni kwamba penye tofauti ya namna hiyo, kasoro itafutwe kwa muulizaji. Nikachukua kanda zake, nikajifungia ofisini, nikaanza kusikiliza.

Kasoro haikujificha. Bi Arlys alikuwa akiuliza mara tatu.

Wewe umekaa kusini muda mrefu, lakini najua hujasahau. Ulitusimulia mwenyewe jinsi ulivyolala njaa siku ya kwanza kwa wakwe zako kule Tucson, kwa sababu mama yake Pilar alikukaribisha chakula, ukasema hapana asante, naye akakuamini. Uliketi ukingoja akukaribishe tena, na sahani ikapita. Huku kwetu hapana ya kwanza ni salamu tu. Ya pili ni adabu. Mwenyeji anayejua kazi yake hukaribisha mara ya tatu, na ndipo mgeni husema, basi, nusu kikombe, usijisumbue. Bi Arlys alikuwa akiwakaribisha watu wa kaunti hii kusema kwamba wana shida, na alikuwa akiwakaribisha kama alivyofunzwa na mama yake.

Nilimwita ofisini. Alikuja na biskuti za nazi katika bati, akaketi, akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyekataa kula. Nilipomweleza kanuni aliniambia nisimletee mambo ya chuo. “Sasa Janelle mwanangu, wewe mtu umkaribishe kahawa, aseme hapana, halafu hapo hapo unarudisha birika jikoni? Mama yako angekuchapa na mwiko.” Nikamwambia kwamba wenzake hawaulizi tena. Akasema ndiyo, amewasikia, wanasoma yale maswali kama watu wanaokimbia mvua. Nikamwambia kwamba akiwasukuma watu, watasema lolote ili wamridhishe. Akacheka sana. “Nimsukume nani mimi, na miguu hii? Nimekaa zangu na kahawa yangu. Nauliza, nanyamaza. Hao wenyewe ndio wanaokuja.”

Ungetegemea niseme kwamba alinishinda kwa hoja. Hakunishinda, na hata leo sijui ni nani kati yetu aliyekuwa karibu na ukweli. Maana jibu la mara ya tatu nalo ni jibu la adabu. Kumbuka kahawa ya Bibi Lokken, iliyokuwa chungu mpaka tumbo la Mama likawaka kwa siku mbili. Mama aliikataa mara ya kwanza, akaikataa mara ya pili, na mara ya tatu akaipokea, si kwa kuwa aliitaka, bali kwa kuwa ingekuwa dharau kuikataa tena. Je, mzee anayekiri upweke baada ya kuulizwa mara tatu na sauti tamu anasema kilichomo moyoni, au anamfanyia muulizaji hisani? Nimelifikiria sana swali hilo. Nimelifikiria zaidi ya nilivyopaswa, na nadhani kufikiri huko kumenisaidia nisifanye mambo mengine.

Nilimwandikia Dokta Pruitt. Alijibu siku hiyo hiyo, kwa upole, kwamba mahojiano ya Bi Arlys yote yaondolewe: yaliyoulizwa kwa namna tofauti hayawezi kujumlishwa na mengine, na yaliyobaki yanatosha. Kitaaluma alikuwa sahihi. Nami ningemjibu hivyo hivyo mwanafunzi wangu, kama ningekuwa naye. Niliyaondoa. Kazi yenyewe ni kuweka alama safu moja na kubonyeza kitufe. Kiashiria cha upweke kikashuka hadi mahali kilipokuwa miaka miwili iliyopita, na picha yake katika ripoti ikawa mstari ulionyooka, wa kijani.

Sasa nifike kwenye lile ambalo nimekuwa nikilizunguka. Kabla sijabonyeza kitufe hicho, katika kanda zile za Bi Arlys, nilikuwa nimemsikia Baba.

Nilimtambua kabla hajatamka neno, kwa jinsi alivyovuta pumzi kabla ya kusema haloo, kama mtu anayetaka kunyanyua kitu. Kanuni yangu mwenyewe ilinitaka nizime hapo. Sikuzima. Alijibu maswali ya barabara, ya zahanati, ya polisi. Akasema theluji inasombwa vizuri kuliko zamani. Akasema wale wa makao makuu wanamwaga chumvi nyingi mno barabarani kuyeyusha barafu na wataua miti. Bi Arlys akacheka, naye Baba akacheka kidogo. Kisha likaja swali la upweke. Akasema hawezi kulalamika. Bi Arlys akanyamaza kidogo, akamuuliza kama ana hakika. Baba akasema aa, tupo tu, wako wenye shida zao kubwa kuliko zangu. Nilisikia friji ya zamani ya marehemu Mama ikiunguruma. Bi Arlys akamwambia kwamba yeye hana haraka, na jioni ni ndefu, na kwamba anamuuliza tena.

Nakuandikia maneno yake kama yalivyo, kwa sababu ninayajua kwa moyo. “Basi, weka ndiyo. Tangu ng'ombe waondoke naamka saa ile ile, navaa, nateremka bandani, nakaa. Nikikaa pale najiambia, siku nisipoamka hakuna atakayelia kwa kuchelewa kukamuliwa. Nalifikiria hilo. Nalifikiria kila siku, bibi, si mara moja moja.”

Bi Arlys hakucheka. Alimuuliza kama anayo namba ya daktari, akamsomea namba ya msaada iliyo kwenye kadi tunayowapa wahoji, naye Baba akasema ameiandika, ingawa sikusikia kalamu. Kisha Baba akauliza jambo moja: haya mnayoyaandika husomwa na nani? Bi Arlys akasoma kama ilivyopangwa, kwamba husomwa na watafiti wa ofisi ya kaunti peke yao. Baba akasema, “Aha. Hao wa ofisi ya kaunti.” Akashukuru, akakata.

Mazungumzo hayo yalifanyika Januari. Mimi niliyasikia Februari. Sasa ni Machi.

Sikulia nilipoyasikia, wala sijalia tangu hapo. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema kwa sababu nilingoja kitu kinipate, na hakikunipata. Nilirudisha kanda mwanzo nikasikiliza tena, safari hii nikiangalia kama Bi Arlys alibadilisha maneno ya swali. Nikaandika pembeni kwamba alibadilisha. Nikala mkate wangu. Nimekuwa hivyo hadi leo, kama mkono uliolaliwa usiku kucha: unauona ni wako, unaugusa, lakini ni wa mtu mwingine.

Kila Jumapili baada ya ibada nilikwenda shambani kama kawaida. Nilimpelekea kaseroli ya viazi na nyama, tukala, nikamuuliza hali yake, akasema si mbaya. Nikaosha vyombo, nikamuuliza tena, kwa njia nyingine, kama analala vizuri. Akasema analala kama gogo. Hapo nilikuwa nachukua koti langu. Nilijiambia kwamba nimefungwa na ahadi: alichokisema alikisema kwa siri, kwa mhoji asiyeuliza jina, na kama ningemuuliza mara ya tatu huku nikijua jibu, nisingekuwa binti anayeuliza bali ofisi inayovunja neno lake. Nilijiambia kwamba siku watu watakapojua kuwa yanayosemwa kwenye simu yetu hufika mezani kwa jamaa zao, hakuna mzee atakayetuambia lolote tena, na wengine kama Baba watakosa hata pale pa kusemea. Hoja hiyo si ya uongo. Naipima tena na tena na bado naiona ina uzito. Ila ninashindwa kujua kama ndiyo iliyonifunga mdomo, au kama nilikuwa tayari nimefungwa mdomo, nayo ikaja ikanipa sababu yenye heshima.

Jumamosi iliyopita tulizindua ripoti. Uzinduzi hufanywa kila mara kwenye ukumbi wa chini wa kanisa la Mtakatifu Olaf, asubuhi, kwa pankeki na soseji, ili watu waje. Duane Krogstad, mwenyekiti wa baraza la kaunti, alisimama na kipaza sauti kama anayenadi fahali. Alisema kwamba kaunti yetu imeongoza tena, na kwamba kwa mujibu wa Janelle hapa tuna raha kupita kiasi, hata mke wake ameomba aonyeshwe hiyo raha iko ukurasa wa ngapi. Watu walicheka. Mtu mmoja nyuma akapaaza sauti kwamba raha ya Duane iko kwenye sahani ya pili ya pankeki. Nami nilicheka, au uso wangu ulifanya hivyo.

Baba alikuja. Hajawahi kuja miaka yote. Alivaa koti la mazishini, akaketi meza ya mwisho karibu na ngazi, akachukua ripoti. Nilimwona akivaa miwani. Hakuanzia mwanzo, alipindua kurasa akitafuta, akafika pale penye mstari wa kijani, akasoma kwa kidole, polepole, maelezo yote hadi yale ya herufi ndogo. Alisoma ukurasa ule mara mbili. Kisha akaikunja ripoti mara moja, akaitia mfukoni, akasimama. Bi Arlys, aliyekuwa akigawa kahawa, alimfuata hadi kwenye ngazi akimkaribisha walau soseji moja, naye akatikisa kichwa, akakaribishwa tena, akatikisa, akakaribishwa tena, akatikisa. Aliondoka bila kula. Bi Arlys alibaki na birika mkononi. Aligeuka akanitafuta kwa macho kupitia ukumbi mzima, na hakuwa anacheka.

Niliacha watu wakipanga mstari wa kunipongeza. Nilimwambia Duane kwamba nina dharura, naye akasema nenda, nenda, raha haijambo hapa. Niliendesha hadi shambani, mchana mweupe, jua likipiga kwenye theluji hata macho yakauma. Nyumbani hakuwapo. Nilimkuta bandani, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, bado na koti lile la mazishini, akitazama nafasi walipokuwa wakifungwa ng'ombe. Pamefagiliwa safi. Nikasimama mlangoni.

Nilimuuliza hali yake. Akasema si mbaya. Nikamuuliza kama amekula. Akasema hana njaa, na pankeki za kanisa siku hizi zina soda nyingi. Nikaona mkono wangu umekwisha kushika ufunguo wa gari mfukoni. Nikauacha. Nikatafuta ndoo nyingine, nikaipindua, nikaketi mbele yake, magoti yetu yakikaribia kugusana, nikamuuliza mara ya tatu: Baba, hali yako?

Akasema, bila hasira, kama mtu anayekumbushwa bili aliyokwisha kulipa, “Si nilishamwambia yule mama wa kwenye simu.”

Akaendelea kuniambia kwamba alijua ni simu yangu tangu neno la kwanza. Kila mtu anajua kwamba binti yake, binti wa Selmer Tveit, ndiye anayeuliza watu hali zao. Aliposikia swali lile alijua ni mimi nimeliandika, akaona ni njia nzuri: mimi nimeuliza, yeye atajibu, na hakuna atakayelazimika kumtazama mwenzake. Hata alihakikisha kwanza kwamba yatafika ofisini. “Nilikata simu nikasema, haya, Janelle atakuja.” Nilikuja, akasema, kila Jumapili nilikuja na chakula, nikauliza mara mbili, nikaondoka. Akadhani huenda bado hayajanifikia, makaratasi ya serikali huchelewa. Kisha akasikia ripoti imetoka.

“Leo nimekisoma kitabu chenu. Nikaona hamkuniweka. Nikasema basi, mwanangu, hilo ndilo jibu lako.”

Lowell, nimeyaandika hayo kama alivyoyasema, kwa kuwa sina njia ya kuyapunguza. Nilimweleza. Nilimweleza habari ya sampuli, ya muulizaji aliyekiuka utaratibu, ya Dokta Pruitt, ya ahadi ya siri. Nilijisikia nikieleza, na niliona kwamba kila neno lilikuwa kweli. Alinisikiliza kwa makini kama anavyomsikiliza daktari wa mifugo. Mwishoni akasema kumbe ni hivyo, na kwamba inaeleweka, kazi ina utaratibu wake. Alinisamehe kwa haraka mno. Bora angenipiga ile ndoo.

Nikamwambia ainuke tuondoke. Alikataa kwanza, akakataa tena. Mara ya tatu sikuuliza, nilimshika mkono. Bunduki zake za kuwindia nimezipeleka kwa jirani, Harlan Moe, ambaye alizipokea bila kuuliza swali lolote, akaziweka kabatini na kufunga. Jumatatu tulikwenda kwa daktari. Baba alimwambia daktari kwamba si mbaya. Nikamwomba daktari angoje, nasi tukangoja, na hatimaye Baba alisema. Amepewa vidonge, na kila Alhamisi ataonana na mtu wa kuzungumza naye mjini. Daktari anasema dawa huchukua wiki kadhaa. Baba analala chumba cha Signe, chini ya zile nyota za kung'aa alizobandika darini alipokuwa mdogo. Asubuhi bado anaamka saa ile ile. Nami naamka, naketi naye jikoni. Hatuzungumzi sana.

Jana nilimwandikia Dokta Pruitt na baraza kueleza kwamba nilisikiliza kanda ya mtu ninayemjua, kinyume cha kanuni niliyoitunga, na kwamba kabla ya ripoti kuendelea kusambazwa wafikirie upya ukurasa ule wa upweke. Sikuweza kuwaambia mstari ule ulipaswa kuwa wapi. Sijui. Pengine waliojibu mara moja walisema kweli, na ni Baba peke yake. Pengine ni nusu ya kaunti. Ninachokijua ni kwamba watu wale wa Bi Arlys wako huko majumbani kwao tangu Januari, na sina majina yao, na huenda baadhi yao nao wanangoja mtu aje. Naambiwa huenda nisiendelee na kazi. Nimelisikia hilo kama ninavyosikia habari za hali ya hewa za mkoa mwingine.

Ninalokuomba ni moja. Njoo. Si Krismasi, wala si bega likipona kabisa. Njoo mwezi huu, hata kwa siku chache. Uketi naye. Mimi ni wa ofisi sasa, hata nikiwa jikoni kwangu. Wewe bado ni mtoto wake tu. Usimpigie kwanza kumuuliza kama uje, maana unajua atakavyosema.

Nisalimie sana Pilar, na umwambie kwamba nilimcheka bure alipopokea kahawa ya Mama mara ya kwanza tu alipokaribishwa. Ninyi wa huko mnaokoa muda mwingi. Wabusu watoto. Harlan Moe anakusalimu, na Bi Arlys vilevile, ambaye huja kila siku kucheza karata na Baba na kumwibia. Baba naye nimemwambia kwamba nakuandikia. Amesema nikuambie kwamba hajambo, na kwamba usijisumbue. Nimeyaandika kama alivyoyasema.

Ni mimi mdogo wako,
Janelle